Chungwa Mferejini: Siku Saba za Kuhesabu Maji ya Usangu

Jumapili, Mbeya

Nimefika na sweta moja ya Kariakoo, na baridi ya Mbeya ya mwezi wa sita imeicheka. Mhudumu wa nyumba ya wageni ameniletea blanketi la pili bila kuombwa. Nadhani watu wa Dar es Salaam anawatambua wakiwa bado mlangoni.

Kazi yangu ni majedwali. Mwaka wa nne huu najaza safu iliyoandikwa "maji yanayochukuliwa kwa umwagiliaji", na banio la maji, pale mto unapokingwa ili uingie mferejini, sijawahi kuliona kwa macho. Ukifungua AQUASTAT, hazina ya takwimu za maji ya Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, utaikuta Tanzania: kilomita za ujazo 5.184 kwa mwaka, asilimia 89 zikienda kwenye kilimo, na mwaka wenyewe ni 2002. Wastani wa dunia ni kama asilimia 70. Hiyo 89 nimeinakili mpaka naiota. Imehama ripoti hadi ripoti kama kanga ya bibi: kila anayeipokea anajua ni ya familia, ila duka ilikonunuliwa hakuna anayelikumbuka.

Hakuna aliyefunga mita kwenye kila mfereji wa nchi hii. Hesabu za namna hii kwa kawaida hupikwa mezani. Unachukua hekta zinazomwagiliwa, unazidisha kwa kimo cha maji ambacho zao linahitaji baada ya kuondoa mvua, halafu unagawanya kwa ufanisi wa mifereji. Ukisema mifereji inafikisha nusu ya maji shambani, jibu ni mara mbili ya hitaji. Ukisema inafikisha theluthi, jibu ni mara tatu. Yaani mtu aliyekalia kiti chenye magurudumu, mtu kama mimi, anaweza kuongeza mto mzima kwa kubadilisha seli moja.

Nimeomba safari hii mwenyewe. Kesho tunashuka Usangu, uwanda wa mpunga.

Jumatatu, Mbeya hadi Rujewa

Tuko watatu: mimi, dereva, na fundi wa vipimo vya maji ambaye kila mtu anamwita Mzee, naye ananiita binti. Mito ya bonde hili ameipima tangu alipokuwa kijana. Daftari lake huandikwa kwa penseli tu. Wino, anasema, ukilowa unaondoka na mwaka mzima.

Barabara kuu ya kwenda Makambako ndiyo ramani yetu. Mkono wa kulia kuna milima ya Uporoto na Kipengere, ambako mvua inanyesha kwelikweli. Mkono wa kushoto kuna uwanda wa Usangu, ambao bila mito ungekuwa wa mtama na ng'ombe. Mito inatoka kulia, inapita chini ya barabara, inaingia kwenye mpunga. Mzee alitaka tuhesabu madaraja, vijiji tuviache: vijito vya upande wa Igurusi, Chimala, Ruaha Mkuu ukiwa bado mdogo, Kimani, na Mbarali pale Igawa, penye kituo cha kupimia maji namba 1KA11A.

"Juu ya barabara mto unapimwa, chini ya barabara unagawanywa," alisema. Kisha akajirekebisha: upande wa Igurusi kuna vitunguu na mahindi ya kiangazi yanayokunywa kabla hata ya daraja.

Mimi nikaona kazi imekwisha. Kama vituo vya barabarani vinasema kiasi kinachoingia uwandani, na kituo cha Msembe ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha kinasema kiasi kinachotoka, si ni kutoa tu?

"Na Ihefu nayo umeikatia kibali cha maji?" aliuliza Mzee.

Ihefu ni kinamasi kilicho katikati, baada ya mashamba na kabla ya Msembe. Kina matete yake, kina jua lake, nacho kinakunywa bila kuomba. Ukitoa Msembe kutoka Igawa na wenzake unapata mpunga, matete, jua na mchanga kwenye sinia moja. Nikanyamaza. Tulikula Igurusi, wali wa hapohapo, na nikakiri kimoyomoyo kwamba mchele ninaouita "wa Mbeya" huko mjini huenda huwa hata haujafika Mbeya.

Jumanne, baniani

Skimu yenyewe ya umwagiliaji sitaitaja, na kabla siku haijaisha mtaelewa kwa nini.

Nilikuwa nikidhani banio ni kitu kikubwa. Ni ukuta wa zege unaokatisha mto, kimo cha mtu aliyechuchumaa, na pembeni kuna lango la chuma. Usukani wa lango haupo. Mahali pake pana mbao tatu, viroba vya udongo na jiwe, na vyote hupangwa upya na mgawa maji kila asubuhi. Kibali cha skimu kinaruhusu lita 200 kwa sekunde. Mbao na viroba havijasoma kibali.

Tulikuja na kipima mkondo, kile chenye propela. Tulipokizamisha kikazunguka mara mbili, kikameza nyasi, kikagoma. Mzee hakushangaa. Alifungua mfuko wa rambo akatoa machungwa aliyonunua Ubaruku. Chungwa huelea likiwa limezama karibu lote, kwa hiyo upepo haulisukumi, na rangi yake unaiona toka mbali. Alipima mita 10 za mfereji ulionyooka, akasimama juu, mimi chini na saa ya simu. Chini yangu alikaa mtoto wa miaka kama saba, aliyejiteua mwenyewe kuwa mdaka machungwa. Mara tano alilirudisha. Mara ya sita alidaka akala.

Wastani: sekunde 16 kwa mita 10. Upana wa maji mita 1.4, kina sentimita 45. Hesabu ya darasa la saba, nikasema, lakini Mzee akanizuia. Chungwa linasema kasi ya juu tu. Chini na pembeni maji yanaburuzwa na udongo na majani. Lazima upunguze. Kitabu changu kinasema zidisha kwa 0.85, na jibu ni lita 335 kwa sekunde. Mzee akaingiza mguu, akapapasa magugu ya sakafuni, akasema mfereji huu ni 0.7. Jibu likawa lita 276. Chungwa lilelile, mfereji uleule, na lita kama 60 kila sekunde zimezaliwa au zimekufa kwa sababu ya mguu wa mtu kuingia majini. Tulichukua 276. Nilimwamini mguu.

Jioni mgawa maji, kijana mpole mwenye jezi ya Yanga, alisubiri Mzee aende kuoga ndipo akaniambia: "Dada, hayo mliyopima ni maji ya mchana. Ukitaka ya usiku, njoo saa nane."

Jumanne kwenda Jumatano, saa nane usiku

Tulikwenda. Kina kilikuwa sentimita 54. Viroba viwili vilikuwa vimepanda juu ya ukingo vyenyewe, kwa miguu yao wenyewe inaonekana, kwa sababu hapakuwa na mtu. Mbali kidogo tochi ilizimika. Mgawa maji hakumtafuta mwenye tochi, na sisi hatukuuliza. Anaishi nao.

Machungwa hayaonekani gizani. Tuliandika kina tu, na saa.

Jumatano, mwisho wa mfereji

Leo ndiyo siku niliyoijia, ingawa sikujua.

Tuligeuza hesabu. Lita 276 kwa sekunde, saa 24, ni karibu mita za ujazo 23,850 kwa siku. Majaruba, yaani vipande vya shamba la mpunga vyenye kingo, yanayonywa mfereji huu ni kama hekta 120. Ukiyamwaga maji yote juu yake unapata kina cha milimita 20 kila siku. Mpunga wenyewe, kwa jua la Usangu, majani na uso wa maji hutoa hewani kama milimita 6; udongo wa mfinyanzi unapitisha chini labda 3. Tunahitaji 9 na tunachukua 20. Kwenye jedwali langu hapo ndipo ninapoandika "ufanisi chini ya asilimia 50" na kuwaonea huruma wakulima wasiojua.

Basi Mzee akanivusha kingo zote mpaka chini kabisa, kwenye mtaro wa kutolea maji. Maji yalikuwa yanatembea. Chungwa la mwisho likaingia kazini: lita 120 kwa sekunde. Yaani karibu nusu ya kile kilichoingia juu kilikuwa kinatoka hapa kikiwa hai, kinaelekea upande wa kichaka fulani. Tukakifuata. Nyuma ya kichaka pana banio jingine, la udongo na magogo, na skimu nyingine, na watu wengine, nao wana kibali chao.

Nilikaa kwenye ukingo nikafungua kompyuta hapohapo, matope hadi magotini. Kwenye faili langu skimu ya juu ina mstari wake na ya chini ina mstari wake, na chini ya mistari kuna jumla. Juu wamechukua 276, chini wamechukua 120, jumla 396. Mto umetoa 276 tu. Zile 120 nimezihesabu mara mbili, na uwandani hapa kuna mitaro inayolisha mabanio yanayotoa mitaro inayolisha mabanio. Miaka minne nimekuwa nikijumlisha maji yaleyale yakipita mbele yangu na kofia tofauti.

Kwa hiyo mfereji huu mmoja una tarakimu tatu. Kibali: 200. Kilichochukuliwa: 276. Kilichopotea moja kwa moja kati ya juu na chini: 156, ambayo ni kama milimita 11 kwa siku, si mbali sana na hitaji la mpunga. Zote ni kweli. Mtu akitaka kuwalaumu wakulima atachagua ya pili. Mkulima akijitetea atachagua ya tatu. Na ya kwanza ndiyo rahisi kuipata kwa sababu iko kabatini, kwa hiyo ndiyo inayojaza ripoti.

Kwa nini hawapunguzi juu? Niliuliza. Mama mmoja aliyekuwa akifukuza ndege aina ya kwelea kwa bati na jiwe alinijibu kwa subira aliyonayo mtu anayeongea na mgeni. Shamba lake ni la mwisho. Wa juu walichavanga tope na kupandikiza Desemba, yeye maji yalimfikia mwishoni mwa Februari. Wao wamevuna, wake bado unajaza punje. Maji yakifungwa leo, anapoteza gunia zote. Na wa juu? "Wa juu wanaacha yapite mashambani mwao matupu, mwanangu. Njia ya kunifikia ni hiyo." Bila maji yaliyosimama jarubani, akaongeza, magugu yangemmaliza, hana hela ya dawa, kwa hiyo maji ndiyo dawa.

Alhamisi, Rujewa

Siku ya mezani. Umeme upo, intaneti inakuja na kuondoka.

Nilijaribu njia ya setilaiti. Sentinel-2 hupita kila baada ya siku chache na kila nukta yake ni mita 10 kwa 10, hivyo jaruba kubwa linaonekana vizuri. Shida ni kwamba mpunga wa Usangu hupandikizwa wakati wa mvua, na wakati wa mvua kuna mawingu. Miezi ninayoihitaji zaidi ndiyo picha zake ni nyeupe kama pamba. Picha za rada za Sentinel-1 zinapenya wingu, na shamba lililofurika hutokea jeusi. Lakini jeusi la mvua na jeusi la mfereji ni moja. Rada haijui maji yamekuja kwa mlango gani. Eneo nitalipata, hilo sina wasiwasi nalo, na hata maji yanayopaa kwenda hewani unaweza kuyakadiria kutokana na joto la uso wa ardhi. Ya kuchukuliwa mtoni, hapana. Hayo lazima mtu alowe.

Alasiri tulitembea mfereji mwingine, wa kijiji ambacho hakina zao shambani kwa sasa. Mpunga umevunwa, mabua yanaliwa na ng'ombe, mfereji unatiririka. Nikataka kuandika "upotevu". Kisha akaja binti na ndoo, akafuata mwingine na dumu, na mama na rundo la nguo. Hawana bomba. Nilihesabu: watu 2,000, kila mmoja lita 40 kwa siku, ni lita 80,000, haizidi lita moja kwa sekunde. Ili hiyo moja ifike kijijini kwenye mfereji wa udongo wa kilomita kadhaa, inabidi uingize makumi juu. Nyingine zinanyonywa njiani au kumwagika kwenye mashamba yasiyo na kitu. Katika jedwali langu hayo yote yako chini ya "umwagiliaji". Ni maji ya ndoo. Kisima kimoja kizuri kingewaruhusu kufunga lango hadi Novemba, na mto ungeona tofauti ambayo kuzibua mifereji yote ya wilaya hakungeleta. Hili silitoi kwenye kitabu, nalitoa kwenye ile ndoo.

Jioni, hotelini, mzee mmoja Mbaluchi alitusimulia mambo ya babu yake. Wabaluchi wa hapa Rujewa wapo tangu enzi za mkoloni na ni miongoni mwa waliotangulia kulima mpunga wa mfereji Usangu. Baadaye yalikuja mashamba makubwa ya serikali, la Mbarali miaka ya 1970 kwa msaada wa Wachina, kisha Kapunga, kila moja yapata hekta 3,000, na wakulima wadogo wakajaa pembeni ya mifereji hiyo wakinywa mitaro yake. Mtaro wa shamba la serikali ulikuwa mto wa mtu mwingine. Nimeanza kuona mitaro kila mahali.

Ijumaa, Rujewa hadi Iringa kupitia Madibira

Vumbi. Madibira tulipita tu: majaruba yaliyonyooka kama daftari la mistari, maji ya mto Ndembera, kisha kupanda kwenda Mafinga na baridi tena.

Dereva, aliyekuwa kimya siku nne, alipata la kusema. Anakumbuka mgao wa umeme wa 2006, alikuwa na saluni ya kunyoa na ikafa. Wakati ule redioni ilikuwa ni Usangu, Usangu: mpunga na ng'ombe wamekausha Ruaha, mabwawa ya umeme ya Mtera na Kidatu yako tupu. Mwaka uleule na uliofuata wafugaji waliondolewa na mifugo yao, na mwaka 2008 Pori la Akiba la Usangu pamoja na Ihefu likaunganishwa na hifadhi.

Mzee alimjibu taratibu, na nimeandika kwa penseli. Mto ulianza kukauka ndani ya hifadhi mwaka 1993. Hilo ni la kiangazi, na kiboko ndiye anayelihisi. Ihefu ina kizingiti cha mwamba pale N'Giriama; maji yakishuka chini ya kizingiti, hata yakibaki mengi nyuma yake, mto mbele unasimama na jua linakula kilichobaki. Kijito kidogo cha Septemba ukikichukua kwa ndoo na vitunguu, kizingiti hakivukwi. Lakini Mtera haijazwi na Septemba. Mtera hujazwa na mafuriko ya masika, na huko kinachohusika ni mpunga wa Januari na namna mabwawa yenyewe yanavyofunguliwa. Ni walalamikaji wawili na misimu miwili. Saluni ya dereva na kiboko hawakuibiwa na mtu mmoja.

Nami nina safu moja, ya mwaka mzima.

Jumamosi, Msembe

Tumetoka Iringa alfajiri, tukapita Tungamalenga, tukaingia hifadhini kabla jua halijawa kali. Kituo namba 1KA59 ni vibao vyenye namba vilivyosimamishwa ukingoni, kimoja juu ya kingine kama ngazi. Ruaha ulikuwa bado unatembea, mwembamba katikati ya mchanga mpana. Kiboko alikuwa amelala hatua chache kutoka kibao cha chini kabisa, ambacho ndicho tulichotaka kusoma. Askari wa wanyamapori akasema tusubiri. Tukasubiri saa nzima na dakika kumi.

Hapo kwenye kilima kidogo simu ikashika mtandao, na ofisini wakapiga. Jedwali linafungwa Jumatatu, wanahitaji tarakimu ya umwagiliaji ya Usangu.

"Ya kilichoruhusiwa, ya kilichochukuliwa, au ya kilicholiwa?" niliuliza. "Na ya masika au ya kiangazi?"

Kimya kidogo. Nilidhani mtandao umekatika.

"Ile ya kawaida," mwenzangu akajibu. "Ile tunayowekaga."

Kiboko akaamka, akaingia majini bila haraka. Mzee aliniita nishuke, akanipa penseli.